Mtoto Aliyetolewa Nje Siku ya Mirathi

Hotuba kwa waandishi, walimu na wakutubi wa vitabu vya watoto

Walimu wenzangu, waandishi, wakutubi, wazazi, na nyinyi watoto mliokaa mkekani hapa mbele. Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie riwaya za upelelezi za watoto, hasa zile ambazo ndani yake kuna mirathi, na njia ya kuifikia imefichwa. Nitaanza nyumbani, maana huko ndiko nilikoipata hamu ya jambo hili, muda mrefu kabla sijashika kitabu chochote cha namna hiyo.

Babu yangu mzaa baba alifariki nikiwa na miaka kumi. Kwetu ni Pangani, upande wa mashamba ya minazi. Arobaini ilipokwisha, wazee walikaa barazani wayazungumze mambo yake, na sisi watoto tukaambiwa tukacheze nje. Mimi sikwenda kucheza. Nilichutama chini ya dirisha. Nikasikia kasha linafunguliwa, nikasikia karatasi inakunjuliwa. Mzee mmoja aliyejua kusoma hati za Kiarabu akasoma kwa sauti maneno ya babu: "Nimempa binti yangu shamba la chini mpaka mtu mkubwa." Kimya kikapita. Kisha mmoja wao akafafanua kwamba marehemu alikusudia binti yake alishike shamba lile mpaka ukoo upate mtu mkubwa, yaani mpaka mjukuu wa kwanza wa kiume abaleghe. Wengine wakaitikia. Shangazi alikuwa chumba cha ndani pamoja na wanawake. Uamuzi uliomhusu aliupata kwa kuletewa maneno mlangoni.

Sasa sikilizeni. Mwaka uleule, kabla hajaanza kuugua, babu alinichukua tukalizunguka shamba la chini mimi na yeye. Tulianzia kwenye mwembe dodo, tukateremka pole pole mpaka ardhi ikawa tope. Akavua makubadhi, akaosha miguu, akaniambia: "Hapa ndipo mwisho wa la shangazi yako."

Watoto wa mbele, liwekeni hilo kichwani. Nitalirudia.

Riwaya ninayotaka kuizungumzia ni ya Marekani. Inaitwa The Westing Game, ilitoka mwaka 1978, na aliyeiandika ni Ellen Raskin, mzaliwa wa Milwaukee katika jimbo la Wisconsin. Mwaka uliofuata ilipata medali ya Newbery, ambayo chama cha wakutubi wa nchi ile hukitunuku kitabu bora cha watoto cha mwaka. Niliisoma nikiwa mtu mzima, mwalimu mwenye darasa, na niliimaliza nikiwa nimesimama jikoni, maji ya chai yamekauka kwenye sufuria.

Kisa chenyewe ni hiki. Tajiri wa kiwanda cha karatasi, Samuel Westing, anakutwa amelala maiti katika jumba lake lililo kando ya Ziwa Michigan. Wosia unasomwa. Warithi walioitwa ni 16, na karibu wote wanakaa katika jengo moja la kupanga lililo jirani na jumba hilo. Kuna jaji, kuna mshona nguo, kuna bawabu, kuna mpishi, kuna mzee anayepeleka vifurushi, kuna mwenye hoteli ya chakula cha Kichina. Wanagawanywa wawili wawili, jozi nane. Kila jozi inapewa hundi ya dola 10,000 pamoja na maneno machache yaliyoandikwa kwenye vipande vya karatasi za kujifutia, zilizotengenezwa na kiwanda cha marehemu mwenyewe. Hakuna jozi mbili zenye maneno sawa. Atakayelitatua fumbo atarithi dola milioni 200.

Mwisho wake sitausema. Wapo watoto hapa, na kumwambia mtoto mwisho wa fumbo ni kumnyang'anya kitu chake. Lakini nyinyi mnaoandika, nitawaonyesha jinsi mama huyu alivyofanya kazi.

Sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu inasema kwamba jua huzama magharibi, lakini jengo lile lenye jina la machweo limeelekea mashariki. Msomaji hucheka kidogo akaendelea. Haoni kwamba ameshakabidhiwa ufunguo. Jibu la fumbo limekaa mlangoni, mahali ambapo kila mtu anapita na hakuna anayetazama. Ukifika ukurasa wa mwisho unarudi mwanzo, unaisoma tena sentensi ile, na unapata aibu tamu.

Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa mtoto. Mwandishi anaweka kila kitu mezani. Hafichi kisu mfukoni akakitoa mwishoni. Hamleti mganga sura ya mwisho aje kupiga ramli na kumtaja mwizi. Mtoto akishindwa, anajua ameshindwa kwa haki, na mara ya pili atasoma kwa macho mengine.

Raskin aliianza kazi hii mwaka 1976, wakati nchi yake ikiadhimisha miaka 200 ya uhuru, na ndiyo maana kitabu kimejaa bendera na wimbo wa kizalendo. Aprili ya mwaka huohuo alikufa bilionea Howard Hughes bila kuacha wosia uliokubalika, na kila siku magazeti yakawa na mtu mpya anayedai kuwa na karatasi ya marehemu. Karatasi mojawapo ilifika mahakamani Las Vegas, na mwaka 1978 baraza la mahakama likaamua kuwa ni ya kughushi. Mambo hayo mawili, sherehe ya taifa na ugomvi wa urithi, akayatia katika chungu kimoja. Alianza kuandika bila kuchora ramani ya kisa chote. Miswada yake imehifadhiwa katika chuo kikuu cha Wisconsin mjini Madison, na ndani yake unaona namna alivyobadili, akafuta, akarudi nyuma. Nawaambia hili waandishi vijana ambao hudhani fumbo huja limekamilika kichwani. Dalili ya sura ya pili huandikwa baada ya sura ya ishirini. Unakwenda mpaka mwisho, unajua siri ni ipi, kisha unarudi na tochi kupanda mbegu zake.

Tena mama huyu, kabla ya kusifika kwa uandishi, alikuwa mchoraji na msanifu wa majalada. Alisanifu majalada ya vitabu yapatayo 1,000. Alizoea kufikiri jicho la msomaji litaanguka wapi kwanza na litaruka nini.

Nilipokuwa nafundisha darasa la tano, kila Ijumaa saa ya mwisho niliwasomea sura moja, natafsiri papo hapo, mara nyingine nikikwama. Waliwapenda watu watatu. Wa kwanza ni Turtle Wexler, msichana wa miaka 13 ambaye mama yake anamtukuza dada yake mkubwa na yeye anamsahau. Ukigusa nywele zake zilizosukwa anakupiga teke la muundi. Wa pili ni Chris, kijana wa kiti cha magurudumu, ambaye maneno humtoka kwa tabu. Yeye hukaa dirishani na darubini yake akitazama ndege, na kwa sababu hiyo ndiye aliyemwona mtu akichechemea kuelekea kwenye jumba la tajiri. Wa tatu ni Jaji J. J. Ford, mwanamke Mweusi, ambaye mama yake alifanya kazi za ndani nyumbani kwa Westing. Alipokuwa mdogo alicheza sataranji na tajiri yule, na maumivu ya kushindwa hajayasahau.

Siku moja binti mmoja wa darasa langu aliinua mkono. Akasema: "Mwalimu, mbona hawamuulizi Chris?" Nikamuuliza ana maana gani. Akasema: "Kila mtu anatafuta, na Chris ameona. Lakini kwa kuwa hasemi haraka, wanampita." Sikuweza kuendelea kusoma siku ile. Niliwaruhusu mapema.

Nilikuwa nimemkumbuka mtoto aliyechutama chini ya dirisha.

Wazazi fulani wamewahi kuniambia kwamba mauti na mirathi si mambo ya watoto. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto gani katika nchi hii hajaona msiba? Mtoto gani hajasikia sauti za wakubwa zikipanda usiku kwa ajili ya kiwanja, nyumba, au ng'ombe wawili? Anaona mama yake anafungashwa, anaona baba mdogo amehamia, na hakuna anayemweleza. Kati ya siri zote za nyumbani, mirathi ndiyo inayomgusa mtoto zaidi, na ndiyo anayofichwa zaidi. Kwa hiyo riwaya ya fumbo la mirathi inamweka yeye ndani ya chumba alikotolewa. Inampa kiti, inampa karatasi, inamwambia: soma na wewe.

Sasa nije kwetu. Kitabu kile hakitafsiriki kirahisi. Fumbo lake limejengwa juu ya majina na maneno ya Kiingereza, na ukilihamisha linakufa mikononi. Hilo lisituhuzunishe. Kinachotakiwa ni kuandika mafumbo yanayoota katika udongo wetu, na udongo wenyewe una rutuba isiyo kifani.

Tazameni kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa, mtegaji anakuambia: nipe mji. Unampa Tanga, anakataa. Unampa Mombasa, anakubali, anakwenda, anakula na kunywa huko, kisha ndipo anakufungulia. Watoto wetu wamechezea urithi wa miji mizima kwa dalili moja tangu kabla hawajajua kuandika. Raskin alihitaji tajiri na milioni 200. Bibi zetu walihitaji mbalamwezi na mkeka.

Tazameni kanga. Kila kanga ina jina lake, maneno yale ya upindo wa chini. Hebu niambieni, bibi akiacha kanga saba zimekunjwa kwa mpangilio, na binti mmoja akagundua kwamba majina yake yakisomwa kuanzia ya chini kwenda ya juu yanakuwa barua, je, hiyo si riwaya? Wakubwa watazigawana kwa kutazama rangi na upya. Mtoto atazisoma.

Tazameni saa. Barua ya Kiingereza ikiandika saa 7 ya asubuhi, bibi yangu anaiita saa moja. Wakili wa Dar es Salaam na mvuvi wa Kilwa wanaweza kusoma karatasi ileile wakafika mahali pamoja kwa tofauti ya saa sita. Tazameni pepo. Mzee akiandika kwamba alizika amana yake "kaskazi ilipoanza," mtoto wa pwani anajua ni mwezi wa Desemba au karibu yake, na anajua jahazi zilikuwa zinatoka upande gani. Tazameni makasha ya mwambao, yale yenye njumu za shaba, ambayo mafundi wake waliyawekea visanduku vya siri ndani. Watu wamelala miaka na kasha chumbani bila kujua kwamba ubao mmoja unasogea.

Lakini ukitaka kuandika kisa hiki kwetu, ijue sheria. Hapa waandishi wengi huteleza, wakaazima tajiri wa kwenye filamu anayeamka asubuhi na kuwanyima watoto wake wote ili ampe paka. Tajiri Mwislamu wa Lamu au Unguja hawezi kumwachia mshindi wa fumbo mali yake yote. Wosia wake hauvuki theluthi, na hata hiyo theluthi Mtume alisema ni nyingi. Tena wosia haumwendei mrithi ila wenzake waridhie. Kilichobaki kina wenyewe, na mafungu yao yametajwa katika Kurani. Akitaka kumpa mwanawe kitu mahususi, ampe kwa hiba angali hai, na amkabidhi. Wengine wataona hii ni kamba inayomfunga mwandishi. Mimi naiona ni zawadi. Mtoto mpelelezi atajiuliza: karatasi hii ni ya wosia au ya hiba? Iliandikwa mzee akiwa mzima au akiwa kitandani? Nani alishuhudia? Maswali hayo ni matamu kuliko bastola.

Bara nako kuna mambo yake. Marehemu anaacha mashamba, kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unaandikwa, msimamizi wa mirathi anapendekezwa, anakwenda kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari ule! Nani alihudhuria, nani aliandikwa kuwa amehudhuria naye hakuwepo, sahihi ya nani inafanana mno na ya nani. Riwaya nzima inaweza kukaa katika karatasi moja ya muhtasari wa kikao.

Na msimsahau binti. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 huku Tanganyika ziliwapanga warithi kwa madaraja, na mabinti wakawekwa daraja la tatu, la mwisho. Mwanamke mmoja wa Muleba, mkoani Kagera, alirithishwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia halali. Alipoiuza mwaka 1988, mpwa wake akamshitaki, kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba haki ya mwanamke katika kuuza ni sawa na ya mwanamume. Nimewasimulia wanafunzi kisa hicho mara nyingi, na sijawahi kuona darasa likisinzia. Hapo pana shujaa, pana karatasi, pana ugomvi, pana hukumu. Mbona hatujawaandikia?

Tunao msingi. Mwaka 1960 Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alitupa mpelelezi Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale. Watu wanatetemeka kwa habari za mizimu, Bwana Msa anavuta kiko chake na kutafuta mkono wa mtu. Niliisoma nikiwa darasa la saba, chini ya shuka, kwa mwanga wa kibatari, na ilinifundisha kwamba Kiswahili kinaweza kufikiri kwa mantiki kali na bado kikachekesha. Lakini Bwana Msa ni mtu mzima na anawaandama watu wazima. Namtaka mjukuu wake. Namtaka msichana wa miaka 11 mwenye daftari la mistari, anayetumwa dukani na kurudi na habari.

Nilisema nitalirudia lile la babu.

Nilipofika chuo kikuu nilijifunza kusoma Kiswahili cha hati za Kiarabu, kile cha barua za kale na tenzi. Mwalimu wetu alituonya mapema kwamba hati ile kwa desturi ilikuwa na alama tatu tu za irabu, hali Kiswahili kina irabu tano. I na e huandikwa kwa alama moja. U na o huandikwa kwa alama moja. Msomaji huchagua mwenyewe kwa kutazama maana. Akatuandikia ubaoni mfano: herufi mim, kisha ta, juu yake damma, ile alama ya u na o. Akasema, hapa unaweza kusoma mtu.

Au mto.

Naona yule kijana wa mkekani ameshashika mdomo. Ndiyo, mwanangu. "Nimempa binti yangu shamba la chini mpaka mto mkubwa."

Haikuwa wosia, ilikuwa hiba. Na neno mpaka halikuwa la wakati, lilikuwa la mpaka wa shamba. Babu alikuwa amechora mpaka kwa maneno tisa, hakuzidisha, kama walivyoandika watu wa rika lake. Wazee wale hawakuwa waongo. Nimelifikiri sana hili na bado nasema hawakuwa waongo. Walisoma walichotarajia kukisoma. Karatasi ilikuwa na nusu ya jibu. Nusu nyingine ilikuwa chini ya dirisha, ina miaka kumi, na ilikuwa imeuona Mto Pangani na miguu ya babu ndani yake.

Shangazi alilishika shamba lile miaka minane. Kisha mjukuu wa kwanza akawa mtu mkubwa, likachukuliwa.

Likizo iliyofuata nilikwenda kumwona. Alikuwa anakuna nazi, amekalia mbuzi. Nikamsomea karatasi kama ilivyostahili kusomwa, nikamweleza habari ya damma, nikamweleza safari yangu na babu tangu kwenye mwembe. Aliacha kukuna. Akaniuliza: "Kumbe siku ile ulikuwepo?"

Nikasema, "Nilikuwepo, shangazi."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa."

Akanitazama kitambo. Halafu akafuta mikono kwa upindo wa kanga, akasogeza kile kibao kingine nikae, akaniambia nimsimulie tena toka mwanzo, taratibu, na nisiruke kitu: babu alivaa nini, alisimama upande gani wa maji, na alilitamka vipi jina lake.